Nukta Kwenye Simu ya Roda

Wanawake wa Hargeisa hawakuvua mabaibui yao ukumbini kwa sababu mlango umefungwa. Walivua kwa sababu Milgo ameketi mlangoni. Alikuwa na kiti cha plastiki, mkasi mdogo na bunda la tepu nyeusi, na kila aliyeingia alimkabidhi simu yake kama mtu anavyomkabidhi tabibu mkono wenye jipu. Milgo alikata kipande cha kuziba jicho la nyuma na kipande cha kuziba jicho la mbele, akavibandika, akavisugua kwa kidole gumba, kisha akasema maneno yale yale aliyoyasema siku zote:

"Jifunue, dada. Dhamana yangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Tepu ilikuwa ushahidi tu. Huko ndani wanawake wangekaa na madera mepesi yanayoacha mabega wazi, nywele zimefumuliwa na kupakwa mafuta, wakicheza mpaka uvumba uchanganyike na jasho. Hakuna hata mmoja wao ambaye angependa shemeji yake, au muuza duka wa mtaani, amwone vile katika kioo cha simu. Picha ikitoka haitoki peke yake. Hutoka na jina la binti, na jina la baba yake, na mara nyingine hutoka na ndoa yake. Milgo, ambaye kabla ya kazi hii alikuwa mpekuzi wa wanawake kwenye uwanja wa ndege, hakuwahi kutokewa na jambo hilo. Alijua pia kwamba siku litakapotokea hakutakuwa na haja ya mtu kumfukuza. Hakuna atakayejifunua tena kwa neno lake, basi.

Tepu peke yake haikumtosha, maana tepu hubanduka na wenye hila hawakosekani duniani. Kwa hiyo alijifunza kusoma nukta. Nimo, binti wa dada yake aliyesomea kompyuta, alimkalisha siku moja akamwonyesha ile alama, ndogo kama punje ya mtama, inayowaka juu kabisa ya kioo wakati kitu chochote ndani ya simu kinapotumia kamera au maikrofoni.

"Mama mdogo, kwenye simu za namna hii, ukiona kijani ujue kamera imefunguliwa," Nimo alisema. "Ukiona rangi ya chungwa, hiyo ni maikrofoni. Simu inasikiliza. Ila ngoja, kuna jambo jingine. Vikiwaka vyote viwili kwa—"

"Kijani kamera," Milgo alimkatiza. "Imetosha. Hilo chungwa silihitaji."

"Utalihitaji."

"La nini? Mwanamke gani wa mji huu atakaa alasiri nzima bila kumtumia mwenzake ujumbe wa sauti? Nikianza kuwafukuza wenye chungwa, nitabaki na bibi harusi peke yake, na yeye mwenyewe nina wasiwasi naye. Sauti haina nywele, mwanangu."

Nimo alicheka, akayaacha hapo. Milgo akalifanya neno hilo kuwa kanuni: sauti haina nywele. Akawa anapita katikati ya wageni na birika la chai ya maziwa, kwa kuwa anayemmiminia mtu chai ana ruhusa ya kuinamisha macho, na macho yakiinama hufika mapajani, na simu hukaa mapajani. Jambo moja tu hakulifanya. Hakukitazama kioo chenyewe. Kusoma kioo cha mwanamke mwenzako ni sawa na kufungua mkoba wake, na mikoba alikuwa ameifungua ya kutosha uwanja wa ndege. Alisoma ukingo wa juu tu, mahali pa nukta, kisha akainua macho.

Alasiri inayohusika ilikuwa siku ya saba ya ndoa ya Idil, siku ambayo wanawake walioolewa humvisha bibi harusi kitambaa cha kichwa, mmoja baada ya mwingine, kila kitambaa na beti zake, mpaka kichwa cha binti kinaelemewa na rangi na yeye mwenyewe haonekani tena kuwa mwali. Kitambaa cha kwanza ni cha mama. Lakini Kaltun, mama yake Idil, alikuwa amelazwa hospitalini Ankara, mwanawe wa kiume akiwa pembeni yake, na harusi hii ilikuwa imeharakishwa kwa amri yake mwenyewe. Mji ulijua yale ambayo madaktari wa huko walimwambia yule kijana: kwamba hawana la ziada. Idil alijua. Roda, mdogo wake Kaltun aliyesimama mahali pa mama siku hiyo, alijua. Kaltun mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba ini limechoka, kwamba likipumzika atarudi nyumbani. Hivyo ndivyo ifanywavyo Hargeisa. Habari ya mgonjwa hugawiwa ukoo mzima, naye hubakishiwa matumaini.

Mshairi aliyealikwa, Ibado, alifika amechelewa kidogo, kama inavyowapasa washairi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyotangulia kuingia kabla ya mwili.

"Simu, shangazi," Milgo alimwambia, akinyoosha mkono.

"Yangu ni ya tochi na vitufe, mwanangu. Ukitaka, nibandikie tochi."

"Pita nayo. Hata wezi hawaitaki."

"Wezi wa mji huu wanaiba beti zangu, simu ya nini?" Ibado alivua viatu, akajiegemeza ukutani apumue, kisha akamsogelea Milgo sikioni. "Nionjee hii kabla sijaingia. Leo nimeshika herufi ya *k*, kwa heshima ya Kaltun. Kila mstari utajaa maneno yanayoanza nayo; hakuna utakaoikimbia."

Akanong'ona, akipiga mapigo kwa vidole kwenye paja:

*"Kitambaa cha kwanza, Kaltun, kilikuwa kiganjani kwako;*
*Kifo kimekitangulia, kimeketi kitandani kwako—"*

"Shangazi!" Milgo aliacha mkasi. "Mbele ya binti?"

"Binti anajua. Amelia wiki nzima chumbani peke yake. Acha leo alie na watu. Machozi ya mtu mmoja ni maradhi, ya ukumbi mzima ni dua."

"Na mgonjwa mwenyewe je, beti hizi zikimfikia?"

"Zimfikie Ankara? Ninayo sauti, lakini siyo ya kiasi hicho." Wakacheka wote wawili. Ibado akamgonga begani. "Halafu, wewe uko mlangoni kwa kazi gani?"

Akaingia, na vigelegele vikampokea.

Shughuli ilikwenda kama inavyokwenda. Halua ilipita, sambusa zikapita, ngoma ikakazwa. Milgo alizunguka na birika lake. Katika safu ya mbele, karibu na Idil, aliketi Ardo, mama yake bwana harusi, ambaye ndiye aliyempa Milgo kazi na kusisitiza kwamba hataki kuona simu hata ya kuangalia saa. Pembeni yake alikaa Roda. Mapajani mwa Roda kilikuwa kimekunjwa kitambaa chekundu ambacho angekifunga kwa niaba ya dada yake, na chini ya kitambaa palikuwa na simu. Ukingo wake wa juu ulichungulia, na katika ukingo huo paliwaka nukta ya kijani.

Milgo aliinama kana kwamba anamimina.

"Roda, dada yangu. Kamera yako iko wazi."

Roda hakushtuka. Aliitoa simu nusu, akaigeuza mgongo, kisha akakifunika kioo chake kwa kiganja na kuacha jicho la mbele tu lionekane.

"Tepu yako hii hapa. Na hii hapa. Inaona nini, giza?"

"Nukta inawaka."

"Na iwake. Abaayo, dada yangu, mwenye shughuli ni mimi. Nimpige picha mwanangu niipeleke wapi?"

"Sijasema umepiga."

"Basi angalia chai yako, unanywesha sahani."

Kweli, chai ilikuwa imefurika. Milgo aliifuta kwa pindo la dera lake, na katika kufuta huko akapitisha kucha kwenye tepu. Haikubanduka hata ncha. Akapima jambo lile kwa utulivu, kama alivyozoea kupima mizigo. Labda kidole kilikuwa kimeifungua kamera kwa bahati mbaya chini ya kitambaa. Vyovyote iwavyo, jicho lililozibwa halioni, na wanawake hawa walijifunua kwa sababu ya macho. Dhamana yake ilikuwa salama. Kumfedhehesha mwenye shughuli mbele ya mkwe wake kwa ajili ya kamera inayotazama giza kungekuwa ukali usio na faida. Akaenda safu ya pili.

Lakini maneno yake yalikuwa yamemkera Roda, au yamemtia hofu. Milgo alipogeuka kutazama, alimwona ameingiza mkono chini ya kitambaa na kubonyeza kitu. Nukta ya kijani ikatoweka, na pale pale, mahali ilipokuwa, ikabaki nukta ya rangi ya chungwa.

Kwanza aliona faraja. Kamera imefungwa, na chungwa halikuwa shauri lake. Alimmiminia bibi mmoja chai, akamuuliza habari za goti lake, akajibiwa kwa urefu. Ilikuwa katikati ya habari za goti ndipo fikra ilipomfikia, kama mtu anayekumbuka yuko njiani kwamba ameacha moto jikoni. Roda alifunga kitu; hakufungua kitu. Mtu hafungui sikio kwa kufumba jicho. Basi sikio lile lilikuwa wazi tangu mwanzo, na kijani kilikuwa kimelikalia juu. Hilo ndilo jambo ambalo Nimo alitaka kulimaliza siku ile: kwamba vikiwaka vyote viwili kwa pamoja, kinachoonekana ni kijani peke yake. Alikuwa amesoma nusu ya somo, na kwa nusu hiyo alikuwa akiwaambia wanawake wajifunue.

Pale mbele Roda aliinamisha kichwa kwenye kitambaa chekundu kama mtu anayenusa manukato. Midomo yake ilicheza. Milgo alikuwa amekwisha kusogea, akayasikia maneno:

"Vumilia, dada. Sasa hivi wanaanza."

Roda alikuwa na dada mmoja tu duniani.

Ngoma ilibadilisha mwendo. Ibado alikuwa amekwisha kuwasifu wakwe, na watu wao, na ngamia wa babu zao ambao hakuna aliyekuwa amewaona kwa vizazi viwili. Sasa alisimama mbele ya Idil, akanyoosha mkono mmoja, akaiachia sauti yake ipande:

*"Kitambaa cha kwanza, Kaltun, kilikuwa kiganjani kwako—"*

Katika nchi ile hata mkubwa wa serikali hukatizwa. Mshairi husubiriwa amalize. Milgo alilijua hilo tangu utotoni, na alilijua pia wakati anavuka zulia, birika mkononi, akipita kati ya wachezaji, na kuweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma.

Ngoma ikafa. Mstari wa pili ukabaki kinywani mwa Ibado.

Milgo alisimama katikati ya macho yote yale na ndipo alipotambua mahali alipojiingiza. Sababu aliyokuwa nayo ilikuwa sababu isiyosemeka. Kuitaja kwa sauti ilikuwa ni kumwambia Kaltun kwa mdomo wake yale yale aliyoyazuia kwa mkono wake. Simu ilikuwa ingali wazi. Kila neno ambalo lingemtetea lingesafiri.

"Kuna simu iliyo wazi," alisema.

Ukumbi uliruka. Mabaibui yalivutwa, vitambaa vikatupwa vichwani, mtu akapiga kelele, "Nywele zangu mimi!" na mwingine, "Ya nani? Aitoe! Ya nani?"

"Yangu!" Roda alisimama, uso umemwiva, simu ameinua juu. "Ni yangu, na aliye upande wa pili ni mama wa bibi harusi! Mnaogopa Kaltun aibe nywele zenu? Hata haoni, hii hapa tepu. Anasikia tu. Kufunga kitambaa amenyimwa na Mungu, na kusikia anyimwe na mlinda mlango?"

Ardo aligeuka polepole kwenye kiti chake. "Milgo. Nilimwajiri mlinzi au kadhi? Mama anasikiliza harusi ya mwanawe, wewe unavunja ngoma?"

"Sheria ya mlango wangu, mama," Milgo alisema. "Simu iliyo wazi lazima waliojifunua waijue."

"Ungeninong'oneza!" Roda alisema. "Chai umenimiminia, maneno yamekushinda?"

Milgo alikuwa akimtazama Ibado peke yake. Mshairi hakujua kusoma nukta, lakini alikuwa amesikia "anasikia tu," na Milgo alimwona akiyapokea maneno hayo, akiyageuza, akiyaweka kando ya mstari ambao ulikuwa haujatoka. Kinywa cha Ibado kikafumba. Akapepesa macho mara moja kuelekea simu, kisha kuelekea kiganja cha Milgo ambacho kilikuwa kingali juu ya ngoma.

"Mwacheni mlinzi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Koo lilikuwa limenikauka na hakuna aliyeona ila yeye. Wageni wote mnakula, mshairi anaimba kwa mate. Milgo, hiyo chai ni ya kutazama?"

Watu wachache walicheka. Milgo alimimina. Ibado alikunywa pole pole, glasi nzima, macho yamefumbwa, na waliomjua walifahamu kwamba hanywi bali anatafuta. Herufi ilikuwa imekwisha kutamkwa, na mshairi wa kule hawezi kuishika herufi mbele za watu kisha akaiacha. Alirudisha glasi.

"Piga," akamwambia mwenye ngoma.

*"Kitambaa cha kwanza, Kaltun, kilikuwa kiganjani kwako;*
*Kimekuja kwa kidole cha Roda, kina kivuli cha kidole chako;*
*Kaa, Kaltun, kaza sikio: kicheko hiki ni kizazi chako."*

Roda aliibonyeza simu ili sauti isikike na wote, akaikabidhi kwa jirani aishike karibu na ngoma, na kwa mikono miwili akamfunga Idil kitambaa chekundu. Vigelegele vilipaa. Vilipokwisha, wakati watu wanavuta pumzi, kikasikika kigelegele kimoja chembamba kutoka kwenye simu, kimechelewa kwa urefu wa njia. Idil alikiinamia na kulia, na wanawake wakalia naye, kwa hiyo hata hilo Ibado hakulikosa.

Jua lilipokuwa linazama Milgo alirudi kwenye kiti chake cha plastiki kubandua tepu. Ardo alipita na wifi zake. "Safari ijayo tutatafuta mwenye sikio la muziki," alisema, bila kusimama. Na kweli, ukoo ule haukumwita tena. Ibado alipita baada yake. Alimshika tu kidevu, kama anavyoshikwa mtoto, akaenda zake na simu yake ya tochi.

Roda alikuja wa mwisho. Alinyoosha simu kwa mkono uliokakamaa.

"Anakutaka."

Milgo aliiweka sikioni. Kwanza ilikuwa sauti ya magurudumu ya kitoroli yakipita mahali fulani, kisha pumzi.

"Wewe ndiye uliyenikatia ngoma?"

"Ndimi, dada Kaltun. Nisamehe."

"Ibado alikuwa anakipeleka wapi kitambaa changu?"

"Aliishiwa na pumzi."

"Ibado? Siku yangu mimi ya kitambaa aliimba kutoka alasiri mpaka adhana bila kumeza mate." Kitoroli kikapita tena. "Herufi ya *k* haina njia nyingi, mlinzi. Kutoka kiganja, jirani yake ni kitanda, na jirani wa kitanda namjua. Nilikuwa nimelala hapa nakingojea kitanda. Hakikuja. Kikaja kicheko."

Milgo aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Kicheko si kibaya," Kaltun alisema. "Roda ananiambia una neno lako la mlangoni. Unasemaje?"

"Nasema: jifunue, dada. Dhamana yangu."

"Na mimi sikuambiwa."

"Hukupita mlangoni kwangu."

"Lakini niliingia."

"Uliingia," Milgo alikubali. "Na dhamana ni ile ile."

"Basi." Pumzi nyingine, ndefu. "Mrudishie Roda simu yake, na mwambie asikununie. Yeye hununa kwa miaka."

Milgo aliirudisha. Roda aliagana na dada yake kwa maneno mengi, kama waagavyo wenye kwao, na alipomaliza nukta ilizimika.

Ukumbi ulipokuwa mtupu Milgo alikunja kiti, akatia mkasi na tepu kwenye mkoba, kisha akampigia Nimo.

"Lile jambo nililokukatiza siku ile," alisema. "Limalize."

"Lipi, mama mdogo? La nukta? Haya. Kijani—"

"Kijani ninacho," Milgo alisema. "Anzia kwenye chungwa."